Na Shina Lake?

Imepokewa kutoka kwa wazee waliopokea kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba zamani katika kijiji kilichoitwa Midanzini aliishi mwanamke mcha Mungu, jina lake Bi Shufaa binti Haidari. Alikuwa mjane. Swala haikumpita, saumu za sunna alizifunga, na wanawake wa kijiji walipofikwa na mauti yeye ndiye aliyewaosha na kuwakafini, hataki ujira ila radhi za Mola wake. Basi msije mkadhani ninawasimulia habari za mtu muovu. Za waovu tunazijua, na wala hazitutishi.

Pamoja na ibada zake, Bi Shufaa alijaaliwa kipaji. Hapakuwa na mtu aliyeyajua machungwa na jamaa zake kama yeye. Mnajua danzi na chungwa yanavyofanana kwa nje, hata mtu akaumenya uchungu akidhani anamenya utamu. Yeye alikwaruza ganda kwa ukucha, akanusa, akasema hili chungwa, hili danzi, hili chenza, hili kangaja, na hakuwahi kukosea. Ukimletea mche usiozaa bado, aliomba jani. Alikuwa akiwaambia watu, "Tazameni kikonyo. Mfurungu kikonyo chake kina ubawa mpana, kama jani dogo lililobeba jani kubwa. Mdanzi ubawa wake ni wa wastani, lakini waonekana. Mchungwa ni mwembamba. Mchenza hauna ubawa, ni kikonyo kitupu." Watu wakatazama, wakaona kweli, na kesho yake wakasahau, wakarudi kumuuliza tena.

Elimu hiyo aliipata kwa marehemu mumewe, Mzee Badawi, ambaye kazi yake ilikuwa kubebesha miti. Alichukua mche wa mdanzi, kwa kuwa mdanzi una shina gumu na hauogopi ukame, akaukata karibu na ardhi, akauunganisha na kijiti cha mchenza au cha mchungwa. Kiungo kikishika, juu unapata chenza tamu na chini mizizi ni ya danzi. Ila mti wa namna hiyo una tabia moja. Ukija ukame mkali ule wa juu ukafa, shina la chini huchipua lenyewe, na baada ya miaka michache unao mti mzima mzuri, wenye matunda tele, nao ni mdanzi mtupu. Asiyejua historia yake hatauliza. Kinachobaki ni kovu tu pale palipounganishwa, shubiri moja kutoka ardhini.

Sasa, kijijini hapo palikuwa na mayatima wawili, Raya na mdogo wake Zuhura. Baba yao alikufa wangali wachanga, na mama yao, Bi Mwaka, akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Bi Shufaa ndiye aliyemwosha Bi Mwaka. Alimjua vizuri, hata kidole gumba chake cha kulia kisichokuwa na ukucha, ulionyofolewa na mbuzi ya kukunia nazi siku ya harusi yake mwenyewe. Mabinti wakalelewa na bibi yao mzaa mama, Bi Mize, katika shamba waliloachiwa na baba yao. Shamba hilo liligawanywa kisheria baina yao na ami yao, Bwana Hilali, na hati ikaandikwa: fungu la mabinti linaanzia njiani hadi kwenye mchenza, na kutoka kwenye mchenza hadi jabalini ni fungu la ami.

Miaka kumi na miwili ilipita. Mashahidi wa hati wakafa mmoja mmoja. Ukaja mwaka wa kiangazi kikali, visima vikakauka, na katika shamba lile ikabaki chemchemi moja yenye maji. Hapo ndipo Bwana Hilali alipokuja na hati mkononi. Mchenza, akasema, ni huu hapa upande wa njiani, kabla ya kufika kwenye chemchemi. Kwa hiyo chemchemi ni yangu. Bi Mize akalia na kuapa kwamba mpaka ulikuwa mti ule wa mbele, ng'ambo ya chemchemi. Bwana Hilali akacheka, akachuma tunda la mti wa mbele, akampa. "Onja, mama. Hili nalo ni chenza?" Bi Mize akaonja, uso ukamkunjamana. Lilikuwa danzi.

Kadhi wa wakati huo, Shekhe Burhani, alikuwa mtu mwadilifu lakini wa haraka kidogo. Akasema, "Aitwe Bi Shufaa."

Lazima mjue na jambo hili, maana ndilo lililoharibu. Bi Shufaa alikuwa na miti yake tisa, aliyoachiwa na Mzee Badawi, na maji yake yalitoka katika chemchemi ileile kwa mfereji mdogo. Mwaka ule maji yalikuwa haba. Mabinti wangelimwagilia mihogo yao kwanza, na ilikuwa haki yao. Bwana Hilali hakulima, aliishi mjini. Siku tatu kabla ya shauri alipita barazani kwa Bi Shufaa, akamwamkia kwa adabu zote, akasema, "Chemchemi ikiwa yangu, mama yangu, mfereji wako hautaguswa." Hakuongeza neno. Bi Shufaa naye alijiinamia akiendelea kuvuta uradi.

Siku ya shauri wakaenda wote shambani. Bi Shufaa akausogelea mti wa mbele, akachuma jani, akalitazama. Ubawa ulikuwepo, wazi kabisa. Alipokuwa akizunguka shina, mguu wake ukapita kwenye majani makavu yaliyorundikana chini, na kidole cha mguu kikagusa kitu. Akateremsha macho. Palikuwa na kovu la mshazari, na juu yake kisiki kidogo kilichokauka, kikubwa kama ngumi. Mkato ule aliujua. Ulikuwa mkono wa mumewe, Mzee Badawi, hakuna mwingine aliyekata mshazari namna ile. Akaelewa papo hapo: mchenza wa hati ulikuwa huu. Ulikufa katika ukame fulani, na mdanzi ukapanda juu yake.

"Bi Shufaa," Kadhi akasema, "kwa jina la Mwenyezi Mungu, mti huu ni mti gani?"

Aliiona miti yake tisa, mmoja mmoja, na mikono ya mumewe juu yake. Akayarudisha majani makavu kwa kidole cha mguu, taratibu, mpaka kovu likafunikwa.

"Wallahi," akasema, "ni mdanzi."

Chemchemi ikahukumiwa kuwa ya Bwana Hilali. Ugo ukapigwa siku hiyohiyo, na maji yakateremka kwa Bi Shufaa mfereji umejaa. Alirudi nyumbani akijiambia: Nimeulizwa mti gani, nimejibu mti gani. Kiapo changu ni cha kweli. Akaswali rakaa mbili za kushukuru! Naam, za kushukuru. Msicheke, na sisi tunazo zetu.

Siku ya saba baada ya hukumu ilikuwa mchana, jua la utosi, saa ambayo watu wote wamejilaza ndani na hata kuku hawatembei. Bi Shufaa alikuwa barazani na tasbihi yake. Akainua macho, na mbele yake amesimama mwanamke aliyejitanda shuka jeupe mpaka usoni, na mikono imo ndani ya shuka. Hakumsikia akija. Mgeni hakutoa salamu. Alinyoosha mkono uliofunikwa, na juu ya nguo palikuwa na tunda.

"Nini hili?" akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeugua siku nyingi.

Bi Shufaa akalipokea. Lilikuwa zito, na baridi ya ajabu kwa mchana kama ule. Akalikwaruza kwa ukucha, akalipeleka puani. Hakusikia harufu. Akakwaruza tena. Hakuna. Akadhani ana mafua, akalitazama kwa macho tu: ganda limebana, laini, la rangi ya manjano.

"Chungwa," akasema.

"Umesema kweli. Na shina lake?"

"Alaa! Bibi we, tunda nimelijua. Shina nitalijuaje nami mti sijauona?"

Mgeni aliteremka barazani akaenda zake, na alipopita, upindo wa shuka lake ulikuwa ukichuruzika maji. Katika mwaka ule! Kijiji kizima kilikuwa kinaomba mvua, na mwanamke yule alikuwa amelowa mpaka magotini. Bi Shufaa akachukua kisu akalipasua lile chungwa. Ndani hamkuwa na kitu. Si vipande, si kokwa, si maji. Ganda tupu, na uzito wake vilevile mkononi.

Kesho yake, saa ileile, mgeni akaja na chenza. "Umesema kweli," akamwambia. "Na shina lake?" Safari hii Bi Shufaa alinyanyuka kumfuata, na jirani yake, Bi Hadia, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni kwake, akamwita.

"Shufaa, mwenzangu, unazungumza na nani?"

"Na mgeni huyu aliyepita hapo kwako."

"Mgeni gani? Mimi niko hapa tangu asubuhi, sijaona hata paka."

Bi Shufaa akatazama chini. Matone ya maji yalikuwa yamepita miguuni pa Bi Hadia, karibu kabisa na ungo wake, na mwenyewe hana habari.

Hapo hofu ikamwingia. Akafukiza ubani nyumba nzima, akasoma, akajipulizia viganja. Siku ya tatu akamngojea mgeni tayari, na alipomwona tu akaanza Ayatul Kursiyu kwa sauti. Alijua jini yeyote hukimbia. Mgeni aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, na ilipokwisha akasema polepole, "Amesema kweli Mola wetu Mtukufu." Kisha akanyoosha mkono uliofunikwa. "Nini hili?" Haya niambieni, angekuwa jini ningewatuliza.

Tunda la siku hiyo lilikuwa danzi.

"Danzi," akasema.

"Umesema kweli. Na shina lake?"

Sasa alishaelewa anaulizwa nini, lakini kuelewa na kukiri ni vitu viwili. Usiku alijitetea kwa Mola wake: Sikusema uongo, wewe unajua sikusema uongo. Na mchana, watu walipomletea matunda yao, pua yake ilikuwa imekufa. Alizunguka miti yake tisa iliyonawiri kwa yale maji, akayaponda majani yake, hayakutoa hata harufu ya majani. Wakaja watu wa harusi na vikapu viwili awachagulie machungwa ya sharubati. Akachagua kwa macho na kubahatisha. Bwana harusi alipopiga funda la kwanza alilitema mbele za wakwe. Kijiji kikacheka mpaka kikashika mbavu, wakasema bibi amezeeka. Likamuuma sana jambo lile, lakini bado alinyamaza.

Jumatano moja Bi Mize akaja barazani kwake. Alikuwa amekonda. Kwa kuwa chemchemi ilikuwa imezungushiwa ugo, wale mabinti walichota maji kwenye dimbwi la ng'ombe, na mdogo, Zuhura, alikuwa siku ya nne haliachi shuka, anaharisha na homa imempanda. Alikuja kuomba ndimu mbili za kumkamulia mtoto. Bi Shufaa akampa kikapu kizima, na hakuweza kumtazama usoni.

"Usijisikie vibaya, mwanangu," Bi Mize akamwambia, akimshika bega. "Hatuna kinyongo nawe hata chembe. Wewe ulisema ulilolijua. Mimi nimezeeka, labda mti niliukumbuka vibaya. Lakini najua Shufaa hawezi kusema uongo."

Akaondoka. Bi Shufaa akabaki amekaa, na maneno yale yalimwumiza kuliko kama angelitukanwa. Jua lilikuwa utosini. Akainua macho, mgeni amesimama.

Mara hii hakuleta tunda. Alitoa mkono ndani ya shuka, mtupu, akaunyoosha mbele ya uso wa Bi Shufaa. Ulikuwa mkono mweupe kwa maji, umekunjamana kama wa mtu aliyekaa sana kuosha, na kidole gumba chake hakikuwa na ukucha.

Bi Shufaa aliwahi kukiosha kidole kile. Alikiosha mara tatu kwa maji ya mkunazi, akakikausha, akakiingiza ndani ya sanda kwa mkono wake.

"Na shina lake?" mgeni akauliza.

"Limebebeshwa," Bi Shufaa akasema, na kilio kikampasuka. "Lina kovu. Nililiona, nikalifunika kwa mguu wangu. Nisamehe, nisamehe, shina lake ni la mchenza wenu!"

"Usiniambie mimi," mgeni akasema. "Mimi ninajua."

Bi Shufaa hakungoja hata kuvaa viatu. Watu waliokuwa wakitoka msikitini baada ya adhuhuri walimwona anakuja peku, mtandio umemteleza mabegani, akasimama mbele ya Shekhe Burhani na umati wote.

"Shekhe, nimekuja kuuvunja ushahidi wangu."

Kadhi akakunja uso. "Uliapa, Bi Shufaa. Ulisema mdanzi. Kwani si mdanzi?"

"Ni mdanzi. Nilisema kweli ili nidanganye." Akawaeleza yote, kovu, majani makavu, kidole cha mguu, na ahadi ya mfereji. Minong'ono ikapanda. Bwana Hilali, aliyekuwa amekuja kwa swala, akapaza sauti: huyu bibi ameshakuwa mtoto, juzi ameshindwa kutofautisha chungwa na danzi, leo atasikilizwa kwa lipi?

"Anasema kweli," Bi Shufaa akajibu. "Pua yangu imekufa, msiniamini mimi. Nendeni mkafukue."

Wakaenda. Kadhi mwenyewe akapiga magoti, akaondoa majani kwa mikono. Kovu likaonekana, la mshazari, na kisiki juu yake. Lakini palikuwa na jambo ambalo hata Bi Shufaa hakulitarajia. Kutoka kwenye kile kisiki kikavu, kilichokufa miaka na miaka, juu ya kovu wala si chini yake, lilikuwa limetokeza chipukizi moja, majani yake matatu, na ardhi pale chini imelowa kama iliyomwagiwa maji asubuhi ile. Raya, yule yatima mkubwa, akachuma jani moja, akaligeuza kwenye mwanga kama alivyomwona Bi Shufaa akifanya siku zote.

"Halina ubawa," akasema. "Tazameni. Kikonyo kitupu."

Safari hii hakukuwa na mtu wa Midanzini aliyesahau maana yake. Raya akaliponda lile jani, akampelekea Bi Shufaa puani. Bi Shufaa akavuta pumzi. Kisha akakaa chini pale pale, akalia kwa sauti.

Chemchemi ikarudi kwa mabinti, na Zuhura akapona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Bi Mize alimwambia Bi Shufaa achukue maji atakayo, naye akakataa, akasema mihogo kwanza. Kiangazi kiliendelea miezi mitatu. Katika miti tisa ya Mzee Badawi, saba ilikauka, na Bi Shufaa aliikata kuni mwenyewe. Msinililie. Alisamehewa, lakini miti saba ilikauka, na mimi sitawasimulia kisa nikaificha hiyo saba.

Jioni ya siku ile kovu lilipofukuliwa, alipotoka shambani alikuta baraza lake limejaa matone ya maji kutoka ngazini mpaka mlangoni, na nyumba nzima inanuka chenza mbichi. Hapakuwa na mtu. Mgeni hakurudi tena.

Mwanafunzi mmoja alimuuliza mwalimu wetu aliyetusimulia kisa hiki, Mungu amrehemu, kama mgeni yule alikuwa ni malaika, au ni roho ya marehemu, au ni dhamira ya bibi mwenyewe. Mwalimu akakasirika. "Nawapa habari ya kidole cha mguu cha Bi Shufaa," akasema, "nanyi mnaniuliza habari za mgeni!" Kisha akavuta miguu yake akaificha chini ya kanzu. Sisi wote tulioketi pale, bila ya kuambizana, tukafanya hivyohivyo.

Ewe Mola, tunapoulizwa jambo, usituachie tujibu lile tuliloulizwa tu na hali tunajua lililo chini yake.